Ramadhani Bila Pengo

Tangu nilipovunja ungo sikuwahi kufunga Ramadhani nzima. Mwanamke anayesoma hapa anajua ninachosema, na mwanaume aliyekua na dada anakijua vilevile, ila hasemi. Kila mwaka kuna siku zinazotoka. Unakula nyuma ya mlango, unafuta mdomo, unatoka nje ukiwa umenyamaza. Mwezi ukiisha unaanza kulipa, siku moja moja, wenzako wanakunywa chai mbele yako na kukuuliza kwa nini huli.

Mimi ni mtu wa kutaka vitu vitimie. Napika keki za kuuza, na keki ikipasuka juu, hata ufa mwembamba kama unywele, naikatakata naigawa mtaani, kisha naanza upya. Mteja asingeuona ufa huo maana unakuja kufunikwa na krimu. Lakini mimi ningejua upo. Kazi hiyo nimejifundisha mwenyewe kwa simu, na mtu aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia hapo panatosha.

Kwa hiyo mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza, Ramadhani ilipokaribia, nilipiga hesabu ambayo sikumwambia mtu. Mtoto alikuwa na miezi minne. Arobaini yangu ilikwisha zamani. Nilikuwa nanyonyesha, na kwa kuwa nilikuwa nanyonyesha siku zangu zilikuwa hazijarudi. Maana yake, kwa mara ya kwanza ningeweza kufunga kuanzia mwandamo hadi mwandamo, bila pengo hata moja. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani, anatazama huku na huku kama mwenyewe yupo.

Nilijua kuwa mwenye kunyonyesha ana ruhusa. Akihofia nafsi yake au mtoto wake atakula, kisha atalipa baadaye. Hilo linasemwa kila Shaabani msikitini na spika inalileta hadi jikoni kwetu. Lakini kichwani mwangu ruhusa ilikuwa ya walioshindwa, na mimi sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa hata sijaanza.

Tulikaa Bagamoyo, nyumbani kwa mavyaa wangu, mama yake mume wangu. Baba mtoto ni fundi wa breki za malori Chalinze, anarudi mwisho wa juma akipata nafasi. Siku nyingine zote tulikuwa wanne: mavyaa, wifi yangu ambaye hajaolewa bado, mimi, na mtoto. Mavyaa ni mtu wa Miono, aliletwa mjini na ndoa, na mpaka leo hanunui muhogo sokoni. Anasubiri wa kaka yake uje na basi. Wifi ana ulimi. Anakupenda na anakuuma kwa meno hayohayo.

Kufunga tu hakukunitosha. Nilitaka kufunga vizuri. Wiki nzima kabla ya mwezi kuandama nilikuwa natazama video za watu wanaoeleza namna tunavyoharibu saumu zetu kwa futari: mafuta ya kukaangia, sukari, tui zito, wanga juu ya wanga. Nikajipangia vyakula vyangu. Magharibi, tende na maji ya vuguvugu yenye ndimu, tango, na kipande cha samaki wa kuchemsha. Daku, yai na ndizi. Chai hakuna. Uji hakuna. Mwili wangu uliotanuka kwa mimba ungerudi, na saumu yangu ingekuwa safi ndani na nje.

Siku ya kuvunja jungu, mchana ule wa mwisho ambapo kila nyumba inakula kana kwamba chakula kinahama nchi, wifi alipika pilau. Mimi nikakaa na sahani yangu.

"Wifi," akasema, "jungu unalivunja kwa tango? Hilo halipati hata ufa."

Nikacheka. Nilijiona mtu wa maana.

Jioni ya kwanza tulikaa mkekani. Mavyaa alikuwa ametandaza kila kitu: muhogo wa nazi, magimbi, kunde, kaimati zinazong'aa shira, na uji wa pilipili manga ndani ya bakuli lenye kifuniko. Uji ule aliupika kwa ajili yangu hasa. Tangu nijifungue alikuwa akinipa kila siku, maana huku kwetu mzazi haachi uji wa pilipili manga, ndio unaoteremsha maziwa. Nikala tende zangu, nikanywa maji yangu.

"Mbona huli?"

"Nakula, mama. Ila nimeacha baadhi ya vitu. Muhogo una wanga mwingi."

Mkono wa mavyaa ukasimama juu ya sahani. "Muhogo wangu una nini?"

"Wanga, mama."

"Wanga?" Akamtazama wifi, akanitazama mimi. "Mwanangu, muhogo huu umetoka shambani kwa kaka yangu. Kaka yangu hana uhusiano na wanga. Kama kuna mtu anaroga vyakula vya watu, labda hao unaowatazama kwenye simu."

Wifi tende ilimpalia. Tukampiga mgongoni, machozi yanamtoka, huku anasema kwa shida, "Mama, wanga wa chakula! Siyo wale wanaoruka usiku!" Mavyaa hakuona tofauti kubwa. Kuanzia siku hiyo chakula changu kikaitwa chakula cha simu. Lakini kesho yake alinitengea samaki wangu pembeni, kwenye kisufuria kidogo, bila mafuta, bila hata kunung'unika, na bakuli la uji akaliweka palepale pa jana. Sikuligusa. Naye hakuacha kuliweka kesho yake wala keshokutwa.

Naomba niseme mwili ulivyonifanya, maana niliufuatilia kama mgonjwa anavyofuatilia homa yake. Kwanza kichwa. Nilikuwa nimezoea vikombe viwili vya chai ya maziwa asubuhi, na kichwa kilikuja kuvidai: maumivu upande mmoja, juu ya jicho la kushoto, kama mtu anakandamiza kwa kidole gumba na hataki kuachia. Kisha vidole vya mikono vikawa baridi, huku Bagamoyo, kwenye joto lile. Mkojo ukawa rangi ya chai kavu. Nikiinuka kutoka kwenye sijda ukuta ulisogea kidogo, ukarudi mahali pake. Choo nacho kikagoma. Nilikuwa nimefunga kwa kila maana ya neno hilo, na siku moja nilikaa chooni muda mrefu mpaka wifi akaja kugonga bati la mlango.

"Wifi, umefunga au umefungiwa?"

"Niache."

"Nikuache vipi na mimi nina haja? Liambie tango lako likusaidie."

Halafu, baada ya siku kadhaa, ukaja wepesi. Hili ndilo gumu kulieleza. Kichwa kiliacha kuuma, tumbo likanyamaza, na nikawa natembea kama sigusi chini. Usingizi ulipungua. Sauti zilikuwa kali na safi, hata kijiko kikianguka jikoni. Wifi aliyekula kaimati na bajia alikuwa analala mchana kutwa, amevimba macho, kiungulia kinampanda, anacheua kwenye tarawehe mpaka mama mmoja safu ya nyuma akakohoa kumwonya. Mimi nilikuwa kama unyoya. Gauni la kabla ya mimba lilinipita kiunoni. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati na nikajisemea moyoni kwamba huyu sasa ndiye mtu niliyekuwa namtafuta.

Maziwa yalianza kupungua wakati huohuo, na sikutaka kuona.

Zamani, adhuhuri ikikaribia, kifua kilijaa na kulowesha gauni hata kabla mtoto hajalia. Nikastaajabu siku moja kukuta gauni kavu. Nikasema labda maziwa yamezoea ratiba. Mtoto akawa ananyonya, anaachia, ananitazama usoni, anarudi, anaachia tena, kisha analia kwa hasira na kupiga ngumi kifuani kwangu. Nikasema anakua, watoto wakikua huwa wakali. Nikauliza simu. Simu ilinipa majibu ya kila aina, na mimi nikachagua lile nililolipenda: kwamba mama mwenye afya anaweza kufunga na mtoto asipungukiwe. Pengine ni kweli kwa mama anayekula. Mimi nilikuwa nimesoma hadi neno "kufunga" nikaishia hapo.

Usiku nilimtazama akilala. Niligusa utosi wake unaodunda, nikalinganisha na nilivyoukumbuka jana, na jana sikuikumbuka vizuri. Nilihesabu siku zilizopita, nikahesabu zilizobaki. Kumi la kwanza lilikuwa linaelekea ukingoni na halikuwa na pengo. Ndivyo nilivyokuwa. Mkono mmoja kwenye utosi wa mwanangu, akili kwenye hesabu.

Siku mambo yaliponishinda ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekwaruza, kilio chembamba cha mtu aliyechoka kuomba. Niliinuka kwenda kumchukua kitandani, chumba kikageuka, nikajikuta nimekaa sakafuni nimeegemea mwimo wa mlango. Sikuzimia. Nilisikia kila kitu. Nilimsikia mavyaa akivuta kandambili kuja, msala ukiwa begani.

Alimchukua mtoto kwanza. Akaingiza mkono kwenye nepi, akautoa mkavu, akautazama mkono wenyewe.

"Hii umembadilisha saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ipi?"

Bibi kumwita mjukuu wake wa kiume mume ni utani wa kawaida kwetu, na mavyaa hakumwita mtoto yule jina lingine tangu azaliwe. Akamweka begani, akampigapiga mgongo, na akauliza kwa sauti ya chini kabisa, si ya ugomvi:

"Nani kamfungisha mume wangu?"

Neno lile liliniingia mwilini. Mtoto hana hukumu, hafungi, hasali, haandikiwi kitu. Mimi nilikuwa nimemfungisha. Nilichofunga mimi, yeye alikuwa anakifunga nyuma yangu, bila daku.

"Mama, zimebaki saa chache tu," nikasema. Nilijisikia nikisema.

"Zimebaki kwako. Yeye magharibi yake lini?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia yote pale sakafuni: kwamba sijawahi kupata mwezi mzima tangu nivunje ungo, kwamba mwaka huu ndio pekee, kwamba nikizaa tena sijui lini, kwamba nimefika hapa bila pengo na nikila leo limeharibika. Nilikuwa nalia kama mtu aliyeibiwa, na niliona aibu kwa sababu mwenye njaa hasa alikuwa begani kwake.

Mavyaa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hata mimi sikuupata mpaka siku zangu zilipokoma. Sasa ninao kila mwaka. Na magoti yamekufa, nasali nimekaa kwenye kiti. Unanionea wivu?"

"Hapana, mama."

"Basi shika mtoto. Usisimame."

Akatoka uani. Nikasikia kuni zikivunjwa. Moshi ukaanza kupanda, na moshi mchana wa Ramadhani si kitu kidogo. Mtaa mzima jiko limelala mpaka alasiri, kwa hiyo ukiwasha mapema kila pua inageuka kwako. Wifi alitoka chumbani anakimbia.

"Mama! Moshi saa hizi? Watu watasema humu ndani kuna kobe."

Kobe ndivyo tunavyomwita anayekula mchana wa Ramadhani kwa siri, kwa jinsi anavyorudisha kichwa ndani akisikia hatua za mtu.

"Kobe ni mwenye ruhusa?" mavyaa akamuuliza. "Au ndiyo elimu yako ya madrasa iliishia hapo? Lete nazi."

Jirani naye hakuchelewa. Sauti yake ikavuka ua wa makuti: "Jirani, kulikoni? Futari mapema hivyo?"

"Siyo futari, jirani. Napika maziwa ya mjukuu wangu."

Jirani akasema, "Ah. Pilipili manga unayo ya kutosha?" Baada ya muda pakiti ndogo ikapitishwa juu ya makuti.

Mavyaa alitundika kanga mlangoni, akanikalisha ndani na bakuli mapajani. Kabla sijanywa akasema, "Onja sukari, mimi sijaionja." Ndipo nilipomtazama vizuri. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepauka pembeni. Alikuwa amefunga, ameinama juu ya moto mchana wa jua kali, amekoroga uji wa nazi puani mwake kwa muda wote ule. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikaitikia kwa kichwa kwamba iko sawa. Akakaa kwenye kigoda mlangoni, akanipa mgongo, akaanza kuchambua mchele, ili nisitazamwe.

Funda la kwanza lilishuka likiwa na njia yake, nililihisi kila lilipopita. Pilipili manga ilinichoma kooni, ikafungua masikio. Jasho likanitoka puani. Vidole, ambavyo nilikuwa nimeshazoea ubaridi wao, vikaanza kupata moto kuanzia kwenye ncha. Nilikunywa na kulia, na uji ukawa na chumvi ambayo haikupikwa humo.

Wifi alisukuma kanga, akaingia na jagi la maji. Akanitazama.

"Kobe mwenyewe unalia? Kobe gani analia?"

Akanimiminia maji, akanishikia bilauri mdomoni, na hakusema utani mwingine siku hiyo.

Maziwa hayakurudi jioni ile, wala usiku. Kesho yake asubuhi mavyaa akanipeleka zahanati. Muuguzi alimpima mtoto, akamfinya ngozi ya tumbo, akamtazama ulimi. Uzito ulikuwa umesimama, akasema, haujashuka sana; mtoto ana njaa, si mgonjwa. Mnyonyeshe kila anapotaka na asipotaka, kunywa maji mengi, kula, umrudishe wiki ijayo, na akizidi kulegea usingoje wiki. Nilimuuliza maswali mengi sana. Niliuliza maji kiasi gani, kila baada ya muda gani, kwa bakuli la ukubwa gani. Mwishowe akamgeukia mavyaa: "Mama, huyu umpikie tu, mengine ataachana nayo."

Kurudi kwenye chakula nako kulikuwa na vita yake. Tumbo lililokuwa limesinyaa lilikataa. Bakuli nusu lilinijaza hadi kooni, gesi ikanizunguka, kisha baada ya siku mbili choo kikafunguka kwa namna ambayo wifi aliitangaza nyumba nzima. Ule wepesi ukaondoka. Nikawa mzito, mwenye usingizi, mwenye jasho, na niliuomboleza kidogo, sitadanganya. Mchana watu wote wakiwa wamenyamaza na midomo yao mikavu, mimi nyuma ya kanga natafuna muhogo, na kila nilipomeza nilihisi kama nagonga mlango wa mtu aliyelala.

Kilichonisaidia hakikuwa mawaidha. Mavyaa akipika amefunga haonji, hata kwa ncha ya ulimi. Sasa nyumbani kulikuwa na mtu anayekula. Alasiri moja wifi akaja chumbani na mwiko, mkono mwingine ameukinga chini usidondoshe.

"Lete kiganja. Kunde hizi zina chumvi?"

Nikaonja. "Kidogo sana."

Akaenda, akarudi. Nikaonja. "Bado, kama punje chache."

Akaenda, akarudi. "Sasa imekuwa sawa, ila tui limezidi kidogo."

"Wifi, hizi ni kunde, siyo keki ya harusi. Nitakulipa ujira gani?"

Lakini kesho yake alikuja tena, na keshokutwa, na siku ya tatu mavyaa mwenyewe aliniita jikoni nikae naye kabisa. Nikawa nakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mtoto kifuani, naonja kila kinachopikwa humo. Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wa nyumba nzima. Wifi akadai sijawahi kuwa na kazi inayonifaa kama hiyo, kwani hatimaye nimepata watu wa kuwasumbua.

Mtoto alikuwa bado ananyonya na kuachia. Nilikuwa nambana kifuani kutwa. Sikumwambia mtu kwamba kila akinitazama usoni nilitaka kumwomba radhi.

Siku zangu ninazodaiwa nimeziacha kwa sasa. Bado nanyonyesha. Sitasema sizihesabu. Nazihesabu, hasa nikiwa naosha vyombo, na ile Ramadhani nikiikumbuka kuna mahali pananiuma kidogo ambapo pangekuwa pamejaa.

Lakini kulikuwa na magharibi moja katika kumi la pili la mwezi ule. Tulikuwa tumekaa mkekani, tunasubiri adhana. Mtoto alikuwa mapajani kwangu ananyonya, na ghafla nikahisi kifua kikinichonyota, ile hali ya kama ganzi yenye sindano ambayo nilikuwa nimeshaisahau. Akameza. Nilisikia akimeza, funda baada ya funda, kwa sauti, akapaliwa, akaachia akikohoa, na maziwa yakaendelea kutoka yenyewe yakamlowesha shavu hadi sikioni. Hakulia. Alitafuta tena kwa mdomo wazi, akashika, akafumba macho. Mimi nilikuwa nimekaa bila kupumua. Nje adhana ikaanza. Mavyaa akachukua tende, wifi akanyoosha mkono kwenye uji, na wakati huohuo joto likaanza kuenea mapajani kwangu, likapita nepi, likapita kanga, likafika kwenye mkeka na kuanza kuelekea kwenye sinia la kaimati.

"Wifi! Anakojoa! Mwinue, mwinue, chakula hicho!"

Wifi aliinua sinia juu ya kichwa. Mimi nikataka kusimama, mavyaa akanikandamiza bega kwa mkono ulioshika tende.

"Mwache," akasema. "Mwache amalize."